Imla Nyumbani: Mara Ngapi kwa Juma?

Siku ya wazazi ya muhula uliopita, mama mmoja aliyekuja kumtazama binti yake alinikuta natundika ukutani kazi za chama chetu cha Kiswahili, akaniuliza swali ambalo sikutazamia kuulizwa na mtu mzima. Anaye mtoto wa miaka minane ambaye kwa sababu ya maradhi hawezi kwenda shule, naye humfundisha mwenyewe nyumbani. Kusoma kunakwenda vizuri na hesabu zinakwenda, lakini imla yawatoa machozi wote wawili. Akaniambia, "Mwanangu, nyinyi mnaosoma mwasemaje? Nimpe imla mara ngapi kwa juma?" Kengele ya chakula ilikuwa imekwisha kulia, basi nilimjibu kwa haraka kuliko swali lake lilivyostahili. Jibu lenyewe ni hili, kwake yeye na kwa mzazi mwingine ye yote mwenye haja kama hiyo.

Sijibu kwa kuwa mimi ni mwalimu. Najibu kwa kuwa nimekwisha kukosea katika jambo hili, na aliyeumia kwa kosa langu ni mdogo wangu.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu, alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika mfupa wa paja. Alilazwa hospitali, kisha akarudi nyumbani amefungwa plasta. Shule yake iko mbali, zaidi ya kilomita 4, na hata baada ya plasta kutolewa ilimpasa kutembea kwa magongo kwa muda mrefu. Shule yetu ilipofungwa mwezi wa Desemba, Baba aliniita akasema, "Huyu amepitwa na masomo. Hii ndiyo kazi yako ya likizo." Baba alisoma zamani, na asimuliavyo mwenyewe, kwao imla ilikuwa kila asubuhi na kila kosa lilikuwa na fimbo yake. Mimi sikushika fimbo, lakini desturi ya kila asubuhi niliichukua kama ilivyo.

Basi kila siku baada ya chai nilimsomea ukurasa mzima wa kitabu chake, naye aliandika. Kisha nilihesabu makosa kwa wino mwekundu, na kila neno alilokosea nilimwamuru aliandike mara kumi. Siku ya kwanza alipata makosa 19. Siku ya sita alipata 22. Tena yalikuwa makosa yale yale: alikotakiwa kuandika "mahali" aliandika "mahari", na "thelathini" aliiandika "selasini". Siku moja nilimpa adhabu ya kuandika "ghali" mara kumi. Nilipoitazama karatasi yake nilikuta "gali", "gali", "gali", tangu juu mpaka chini. Nilikuwa nimemfanyisha mazoezi ya kukosea!

Juma la pili alianza kuificha kalamu ya risasi. Siku nyingine alisema kichwa chamuuma, na nadhani kilimuuma kweli. Mwisho akaniambia, "Dada, mimi sitarudi shule tena, hata mguu ukipona. Wenzangu watanicheka." Neno hilo lilinishtua sana. Mguu ulikuwa unaungana, na kumbe mimi nilikuwa navunja kitu kingine.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu, mzee ambaye sisi sote twamwita Babu. Nilimwamkia nikamweleza habari yote. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama mtoto huuona ukurasa ule kabla ya kusomewa. Nikamjibu la, akiuona itakuwaje imla? Akasema, "Mjukuu wangu, wewe umekuwa mtahini, hujawa mwalimu. Mpe siku ya kujifunza, ndipo umpe siku ya kuandika."

Niliporudi shuleni nilisoma katika maktaba habari za Charlotte Mason, bibi Mwingereza aliyeishi tangu mwaka 1842 hata 1923, ambaye aliwasaidia sana wazazi waliofundisha watoto wao nyumbani. Kitabu chake juu ya elimu ya nyumbani kilitoka mwaka 1886. Nilistaajabu kuona kwamba shauri lake na la Babu ni moja. Kwa Bibi Mason, imla si mtego wa kumnasa mtoto. Mtoto hupewa kwanza kifungu akisome, ayatafute mwenyewe maneno yanayomtatiza, na kila neno gumu alitazame mpaka aweze kuliona hali amefumba macho. Ndipo asomewe, kipande kwa kipande. Na akikosea, neno la kosa hufunikwa mara moja, kwa sababu jicho hushika picha ya neno, iwe sahihi au mbovu. Niliposoma hapo nikaikumbuka ile karatasi ya "gali".

Sasa naja kwenye swali la mama yule. Kwa mtoto wa miaka 8 hata 11, ambaye amekwisha kujua kusoma, imla tatu kwa juma zatosha, tena ziwe fupi. Sisi tulishika Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zilikuwa siku za kuandaa, dakika kumi tu, na Jumapili hapakuwa na kitu. Imla yenyewe ilikuwa mistari minne au mitano, na pamoja na masahihisho haikuzidi robo saa. Ukurasa mzima ni mwingi mno. Mkono wa mtoto huchoka kabla ya akili yake, na makosa ya nusu ya pili ni makosa ya mkono.

Kwa nini isiwe kila siku? Kwanza, siku ya kuandaa itakosa nafasi, na imla bila maandalizi ni mtihani. Pili, akili yahitaji muda wa kusahau kidogo. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 kitabu juu ya kumbukumbu, naye alijijaribu mwenyewe kwa kukariri mafungu ya silabi zisizo na maana. Aliona kwamba mtu husahau upesi sana mwanzoni, kisha polepole. Tena aliona kwamba marudio 38 aliyoyagawanya katika siku 3 yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa siku moja. Mzazi atazame hesabu hiyo vizuri, kwani ndani yake mna karibu nusu ya machozi ya nyumbani kwake. Neno lililokosewa Jumanne lirudishwe Alhamisi, kisha Jumamosi, kila mara katika sentensi mpya. Kuliandika mara kumi palepale ni kazi bure.

Na kwa nini isiwe mara moja tu, Jumamosi, wakati wazazi wana nafasi? Kwa sababu hiyo hiyo. Siku saba ni nyingi kwa mtoto, na mengi ya Jumamosi iliyopita yatakuwa yamekwisha kupotea.

Lakini mara ngapi si swali la peke yake, lazima tujue pia imla yamfunza mtoto nini. Kiswahili si kama Kifaransa. Yasimuliwa kwamba mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliwatungia wakubwa wa Ufaransa imla ngumu mno, na Kaisari Napoleon III mwenyewe akapata makosa 75, mkewe 62, na Alexandre Dumas, yule mwana, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika vitabu, akapata 24. Aliyewashinda wote alikuwa mgeni, Metternich wa Austria, kwa makosa 3. Lau ningalikijua kisa hiki siku ile mdogo wangu alipolia, ningalimsimulia. Kifaransa kina herufi nyingi zisizotamkwa. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni lahaja ya Kiunguja iliyochaguliwa huko Mombasa mwaka 1928, huandikwa kama kitamkwavyo. Kwa hiyo mtoto wetu akikosea, mara nyingi kosa li sikioni au ulimini kabla halijafika mkononi.

Makosa ya mdogo wangu nilipoyapanga, niliona ni ya namna tatu tu. Namna ya kwanza ni r na l: kura na kula, mahari na mahali. Ya pili ni sauti ambazo nyumbani kwetu hatuzitamki sawasawa, dh, th na gh. Nilipojisikiliza nikatambua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikimsomea "feza", halafu namtia kosa kwa kuwa hakuandika "fedha"! Mzazi na ajichunguze kwanza ulimi wake. Namna ya tatu ni kuyakata maneno na kuyaunga pasipofaa. Mtoto huandika "ana kuja" na "nime fika", kisha huandika "kwasababu" na "kwahiyo" kwa pamoja. Hapa sikio halisaidii kitu, kwa maana hakuna mtu anayenyamaza kati ya "kwa" na "sababu". Hili hujulikana kwa macho, nayo ndiyo sababu nyingine ya kumwacha mtoto akione kifungu kwanza. Tangu hapo kila juma lilikuwa na shabaha moja: juma hili r na l, juma lijalo dh na th.

Mwendo wetu ulikuwa hivi. Nilisoma kifungu chote, naye akisikiliza bila kuandika. Kisha nilisoma kipande kipande, kila kipande mara mbili, si zaidi, maana ukirudia mara nne mtoto hujifunza kutosikiliza. Mwisho nilisoma chote tena, naye akifuata kwa kidole na kusahihisha mwenyewe alichoweza. Kosa lililobaki nilibandika juu yake kipande cha karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo aliyotupikia Mama, naye akaandika neno sahihi juu ya kipande hicho. Kazi hiyo ya kubandika ilimpendeza mno. Wino mwekundu niliuweka kabatini.

Watoto wa miaka 6 au 7 wasipewe imla ya sentensi kabisa. Wanakili tu, mstari mmoja ulioandikwa vizuri, na wakichangamka wasomewe silabi na maneno mafupi. Bibi Mason naye aliianza imla kwa watoto wa miaka 8 au 9. Mkubwa wa miaka 12 na zaidi aweza kupewa mara moja au mbili kwa juma, lakini kifungu kiwe kirefu na chenye vituo vya kila aina.

Imla ya Kiingereza nayo yataka mpango wake. Mimi niliiweka mara moja kwa juma, katika nafasi ya Alhamisi. Neno kama "knife" au "Wednesday" halisikiki kama liandikwavyo, na kumsomea mtoto neno la namna hiyo kabla hajaliona ni kumwonea.

Mwezi wa Januari ilinibidi kurudi shuleni, na hapo nilijifunza jambo ambalo halimo vitabuni. Baba hurudi kazini jioni amechoka, na Mama ana shamba. Tulipatana imla ziwe mbili, Jumatano asome Mama na Jumamosi asome Baba. Nilihuzunika kidogo kuona tatu zangu zimepungua. Baadaye niliona kwamba mbili zinazofanyika kweli zapita tatu zinazoahidiwa. Baba naye alikubali kipande cha karatasi badala ya hesabu ya makosa, ingawa alinung'unika kwamba siku hizi watoto wanadekezwa. Mtoto alipopata majuma mawili mfululizo bila kuzidi makosa mawili, hawakuongeza siku bali waliongeza mistari, kutoka mitano hadi saba.

Alirudi shule mwezi wa Machi kwa gongo moja, akaingia darasa la nne. Wako waliomcheka, lakini kwa gongo, si kwa imla.

Hapa bwenini haturuhusiwi simu, basi huniandikia barua. Ya kwanza, ya Februari, ilikuwa na mistari sita na makosa tisa. Ya mwisho imefika juzi, kurasa mbili kamili, na nimeyaona makosa matatu. "Mahali" ameiandika sawa mara zote nne. Anasema Baba amemnunulia viatu vipya vya shule na kwamba vilikuwa "gali" sana. Neno hilo nimeliandika katika daftari langu, litakuwamo katika imla ya Jumamosi ya kwanza ya likizo.