Kikanda inakwisha mu madembo yetu

Hapa Makomeno, karibu kila siku mama mmoja anapita na beseni kichwani: vipande vya kikanda, vyenye pilipili ya kutosha. Wanafunzi wananunua, wafanyakazi wananunua, na mimi pia. Wengi wanafikiri ni aina ya mortadela ya kalanga. Kalanga imo kweli, na chumvi, na bikarbonati ao maji ya majivu kama bamama wa zamani. Lakini kinachoifanya ishikamane ni unga wa viazi vidogo vya maua ya pori, yanayoitwa okidi. Kule Ulaya watu wanaweka okidi dirishani. Siye tunaila na bukari.

Katika mkutano mmoja wa koperative, mama mmoja aliniambia: «Agronome, utupe mbegu ya kikanda, tuipande mu shamba. Zamani tulichimba karibu na mugini. Leo tunatembeya tangu asubuhi, tunarudia na kifuko nusu.» Bamama wengine wakaitika. Kwao hii si habari ya maua. Kikanda ndiyo pesa ya wakati wa mvua, wakati ghala ni tupu na mahindi mapya bado hayajakomaa.

Ilibidi nimjibu kwamba mbegu ya kumpa sina.

Viazi vya kikanda vinatoka kwenye okidi za aina nyingi, hasa jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, zinazoota mu madembo na nyasi za miombo. Chimbeni moja kwa uangalifu muangalie: mara nyingi mtakuta viazi viwili. Kimoja kimekunjamana, ndicho kinacholisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa: ndicho akiba ya mwaka ujao. Sisi tunachukua hicho cha pili. Basi tunakula mmea wa leo na wa kesho pamoja.

Mbegu zipo, na ni nyingi sana, laini kama vumbi. Lakini tofauti na punje ya hindi, ndani yake hakuna chakula. Ili iote, lazima ikutane mu udongo na nyuzi za kuvu, ndugu wa bowa, ziilishe. Kisha inachukua miaka kabla ya kutoa ua. Ndiyo sababu haipandwi kama mihogo, na anayekuuzia «mbegu ya kikanda» sokoni anakudanganya.

Majirani walitutangulia katika shida hii. Zambia wanaiita chikanda, na walipoanza kukosa kwao, wanunuzi walivuka mipaka: Tanzania, Malawi, Angola, na huku kwetu. Tanzania ilitangaza uwanda wa Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na uchimbaji wa viazi vya okidi kwa soko la Zambia ulikuwa mojawapo ya sababu. Hata Uturuki wana kinywaji chao cha salep kinachotokana na viazi vya namna hiyo, na huko pia okidi zimepungua.

Wanaopeleka mzigo Kasumbalesa wajue jambo moja: okidi zote zimo mu mkataba wa CITES wa mwaka 1973, na Kongo ni mwanachama. Kuvusha viazi bila kibali ni kosa. Mzigo ukikamatwa, atakayepoteza ni yule mama, si mnunuzi wa mbali.

Na sitaki kuwabebesha wachimbaji peke yao. Ni mimi niliyesukuma bustani za kabichi na tomate mu madembo wakati wa kiangazi. Bustani hizo zinalisha watu, sizijutii. Lakini kila mfereji tunaochimba kukausha dembo unaondoa maji ambayo okidi inayategemea, na hilo sikuliwaza wakati ule.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila koperative ichague sehemu moja ya dembo isiyolimwa, isiyochimbwa, isiyokatwa mfereji, kwa miaka kadhaa. Penye mimea ya kuhesabika kwa vidole, tupite. Penye mingi, tungoje mpaka maua yafe na vifuko vya mbegu vipasuke, halafu tuchukue michache, turudishe udongo mu shimo. Mnunuzi atalalamika kwamba tumechelewa. Alalamike. Pesa ya wakati wa njaa tuitafute upande mwingine pia: kalanga tunazilima wenyewe, na hakuna kikanda bila kalanga.

Februari, maua mengi yakiwa wazi, tutatembea pamoja mu dembo kuhesabu mimea iliyobaki. Wachimbaji wazee waje mbele, kwani wao ndio wanajua zilipokuwa. Leteni kamba na vijiti vya kuweka alama. Majembe yabaki nyumbani.