Deraya na Maji: Tusicheke Mapema

Kijiweni Kariakoo au darasani Mlimani, ukisimulia Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969), watu hucheka wakifika kwenye maji. Eti maji yazuie risasi! Makala haya yanadai kwamba kicheko hicho kinatupotezea dhamira.

Tuanze na deraya. Katika karne ya 12, wapiganaji wa farasi wa Ulaya walivaa joho la pete za chuma zilizoshikanishwa. Lilizuia upanga usikate, lakini rungu liliwavunja mifupa. Karne ya 14 wakaongeza mabamba. Karne ya 15 mtu akafunikwa chuma utosini hadi miguuni, kilo 20 hadi 25. Bunduki ikaja. Bamba likafanywa nene mpaka likawa halibebeki, na karne ya 17 wengi wakabaki na la kifuani tu. Basi, kila deraya ni jibu kwa silaha fulani.

Sasa, mwaka 1905 kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale angejibu nini bunduki za Wajerumani? Chuma kilishashindwa huko huko Ulaya. Maji nayo hayakuzuia risasi, na watu walikufa kwa maelfu. Lakini yaliwashikanisha Wamatumbi, Wangindo na Wangoni kama zile pete. Ndiyo maana katika tamthilia Kinjeketile, akisubiri kunyongwa, anakataa kuyakana: angeyakana, pete zingeachana.

Mhakiki anayeishia kusema "ushirikina" hajajibu swali la Hussein: umoja uliojengwa juu ya uongo una thamani gani?