Fahamu: Sauti ya wakazi katika mipango ya mji wa Lamu

Ushirikishwaji wa wananchi katika mipango miji ni haki ya wakazi kupewa taarifa na kusikilizwa kabla mradi haujaidhinishwa. Katika mji wa kihistoria haki hiyo ina uzito zaidi, kwani jengo la kale likishabomolewa halirudi.

Msingi wake

Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja ushirikishwaji miongoni mwa maadili ya taifa. Mji wa Kale wa Lamu, wenye nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Maamuzi mawili

Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari mpya ya Lamu, na kwamba haki yao ya utamaduni ilikiukwa. Juni 2019, baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Lilisema mikutano ya utangulizi, iliyofanyika kabla ya utafiti wa athari za mradi, haikutosha. Hoja hiyo ndiyo kiini cha suala zima: mtu hawezi kutoa maoni ya maana juu ya athari asizoelezwa.

Muda wa kupinga

Anayepinga leseni ya mazingira ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya baraza hilo.