Kura ya Hamani na Kura Yetu

Leo twafungua kitabu cha Esta. Ni kitabu cha ajabu, kwa kuwa katika Kiebrania jina la Mungu halitajwi humo hata mara moja. Hata hivyo Wayahudi hukisoma chote kila mwaka, Februari au Machi, katika sikukuu ya Purimu.

Jina hilo latokana na neno puri, maana yake kura. Hamani, mkuu katika Uajemi, alimchukia mtu mmoja, Mordekai, aliyekataa kumsujudia. Akaona kumwua yeye peke yake ni jambo dogo, akataka taifa zima. Akapigiwa kura ya siku ya kuua, ikaangukia mwezi wa Adari, na barua zikapelekwa na matarishi katika majimbo 127.

Sisi nasi twaijua kura. Ile ya tarehe 27 Desemba 2007 ilikuwa ya kuchagua viongozi, si ya kuua. Lakini siku chache baadaye jirani alihesabiwa adui kwa sababu ya lugha ya mama yake. Maneno ya chuki hayakuhitaji farasi, yalipita kwa simu ya mkononi. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Nchini kote waliuawa zaidi ya 1,100.

Tena nyanda hizi ziliwahi kufikiriwa kuwa kimbilio! Mwaka 1903, mwaka wa mauaji ya Wayahudi kule Kishinev, serikali ya Uingereza ilisema iko tayari kuwapa nchi huku. Wajumbe 3 waliikagua Uasin Gishu mapema mwaka 1905, na mkutano wao ukaikataa mwaka huohuo. (Wenyeji hawakuulizwa.)

Turudi kwa Esta. Alikuwa malkia, na jumbani hakuna aliyejua kwamba ni Myahudi. Angeweza kunyamaza. Mordekai alimtumia neno kwamba jumba la mfalme halitamwokoa. Akafunga siku tatu, kisha akaenda kwa mfalme bila kuitwa, jambo lililoweza kumwua.

Kwetu, aliye jumbani ni nani? Ni yule ambaye nyumba yake haitaguswa, kwa kuwa kabila lake ndilo lenye wengi mahali pale. Ni mama ambaye mwanawe amesimama kwenye kizuizi cha barabarani. Wapo waliowaficha jirani zao mwaka 2008. Wengi tulifunga mlango.

Sura ya tisa hutusumbua, nasi hatuifichi: Wayahudi waliwaua adui zao 75,000. Lakini imeandikwa mara tatu kwamba hawakugusa nyara, ingawa amri ya mfalme iliwaruhusu. Je, mabati mangapi yaliyobebwa mwaka 2008 yangali juu ya paa zetu?

Siku ya Purimu watu hupelekeana chakula, na maskini hupewa zawadi. Huku kwetu ni majira ya kutayarisha mashamba tukingoja mvua. Kura yetu huja kila miaka 5, Jumanne ya pili ya Agosti, mahindi yakiwa bado shambani. Aliye na kibuyu cha mursik na akipeleke ng'ambo ya ua mwezi wa Machi, kabla ya magari ya kampeni kufika.