Je, Wajua? Mvuke wa Kweli Kiganjani

Kuna vigarimoshi vya betri, na kuna vile vyenye moto, maji na mvuke wa kweli tumboni. Safu ya leo ni ya hivyo vya pili: vidogo, vinavyouzwa vikiwa tayari kuwashwa, ambavyo mafundi wapenda reli huvifungua, huvikata na kuviunda upya hadi vikapita ubora viliotoka nao kiwandani. Katika kazi yote hiyo kuna kanuni moja: zuia kinachopotea kabla hujaongeza nguvu.

VILIKOTOKA

Je, wajua kuwa kiwanda cha Mamod kilianzishwa na Geoffrey Malins mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1937? Kwa miaka mingi kilijulikana kwa injini ndogo za mezani na matingatinga ya mvuke. Mwaka 1979 kikatoa kichwa cha treni cha magurudumu manne, SL1, cha kutembea kwenye reli. Kilikuwa rahisi kwa bei na kwa umbo, na chuma chake hakikuficha siri yoyote. Ndiyo maana watu wengi walijifunzia ufundi juu yake.

Je, wajua kuwa mwaka huohuo wa 1979 kampuni ya Hornby nayo ilitoa kigarimoshi cha Rocket cha gesi, cha kutembea kwenye reli zenye upana wa milimita 89? Ilikuwa miaka 150 tangu injini halisi ya Rocket iliposhinda majaribio ya vichwa vya treni ya Rainhill mwaka 1829.

Je, wajua kuwa mwaka 2003 Hornby walipunguza umbo zaidi, wakatoa Mallard ya mvuke wa kweli kwenye reli za milimita 16.5? Haikuwa na moto. Maji yalichemshwa kwa umeme uliopitia relini. Mallard halisi ndiyo iliyofikia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938.

Je, wajua kuwa Doncaster, mji ulioiunda Mallard hiyo, ndio pia makao ya Roundhouse? Kampuni hiyo, iliyoanza mwaka 1982, huuza vigarimoshi kamili na vipuri pia. Kwa hiyo mtu aweza kuanza na chesi yake mwenyewe, akaongeza boila, silinda au magurudumu kadiri mfuko unavyoruhusu.

VIPIMO VINA MAANA

Je, wajua kuwa reli za milimita 32 zikiwekwa kigarimoshi cha kipimo cha 1 kwa 19, huwakilisha njia halisi yenye upana wa futi mbili, yaani takriban milimita 600? Hizo ndizo njia zilizobeba mawe ya kuezekea kutoka machimbo ya Wales. Njia nyembamba za aina hiyo zilitumika pia kubeba mkonge mashambani Tanga.

Je, wajua kuwa reli za milimita 45 kwa kipimo cha 1 kwa 22.5 huwakilisha njia ya mita moja? Ndiyo njia ya zamani ya Mombasa hadi Uganda, na ndiyo Reli ya Kati iliyotoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Mpenzi wa reli wa Afrika Mashariki anayetaka kuunda treni ya kwao ana kipimo kilichokwisha kuandaliwa.

Je, wajua kuwa hata reli ya Bububu ya Unguja ina kipimo chake? Njia ile, iliyoanza mwaka 1905, ilikuwa ya futi tatu. Kwa 1 kwa 20.3 hukaa sawasawa kwenye reli za milimita 45. Hicho ndicho kipimo cha Ruby ya kampuni ya Accucraft ya Marekani, kigarimoshi cha gesi kinachopendwa sana na wanaobadili maumbo.

Je, wajua kuwa joto halipungui kwa kipimo kimoja na umbo? Punguza treni mara 19 kwa urefu: eneo la boila hupungua mara 361, lakini ujazo wake hupungua mara 6,859. Maji yanabaki kidogo mno, ilhali ngozi ya kupoteza joto bado ni kubwa ikilinganishwa nayo. Hapa ndipo matatizo mengi ya kigarimoshi yanapoanzia, na marekebisho mengi yaliyomo humu yanatokana na hesabu hii.

SILINDA

Je, wajua kuwa kwenye SL1 silinda yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya valvu? Silinda nzima hubembea kwenye mhimili wake kila gurudumu linapozunguka. Uso wake bapa una matundu yanayokutana kwa zamu na njia ya kuingiza mvuke na njia ya kuutoa. Kurudi nyuma ni suala la koki moja tu: njia ya kuingilia inageuzwa kuwa ya kutokea.

Je, wajua kuwa rekebisho lenye faida ya haraka halitaki mashine? Laza msasa laini juu ya kipande cha kioo bapa, uloweshe, kisha sugua uso wa silinda taratibu kwa kuuzungusha mpaka mng'ao uenee kote bila doa. Fanya vivyo hivyo kwa uso unaoegemewa na silinda. Osha kila chembe ya mchanga kabla ya kufunga. Mvuke uliokuwa ukifuka pembeni sasa unakwenda kusukuma pistoni.

Je, wajua kuwa pistoni nayo huvujisha? Wengi huichonga mfereji mwembamba na kuivisha pete ya mpira unaostahimili joto. Pete iguse kuta bila kukaba. Ikibana mno, msuguano utakula nguvu yote uliyookoa.

Je, wajua kuwa kuongeza presha peke yake kwaweza kupunguza mwendo? Silinda inayobembea hushikiliwa na springi. Presha ikizidi nguvu ya springi, silinda hunyanyuka kutoka mahali pake na mvuke hutokea ubavuni. Aliyebadili valvu ya usalama bila kugusa springi amejiongezea kelele na kupungukiwa maji.

MOTO

Je, wajua kuwa vidonge vyeupe vya moto vilivyotumika katika vigarimoshi vingi vilianza Ujerumani mwaka 1936? Aliyevibuni ni Erich Schumm, na vinajulikana kwa jina la Esbit. Havimwagiki, lakini huacha utandu unaonata chini ya boila, na moto wake hauzuiliki kwa koki.

Je, wajua kuwa mwali wa spiriti hauonekani vizuri juani? Wanaobadili kichomeo kuwa cha spiriti na tambi hupata moto safi, ila huwajibika kuuchunga kwa macho na kwa mkono unaohisi joto. Chombo cha kuzimia moto kikae karibu kabla kiberiti hakijawashwa.

Je, wajua kuwa kichomeo cha gesi chenye kigae cha udongo mgumu kimebadili tabia ya vigarimoshi vingi? Gesi hupita kwenye tundu lisilofika nusu milimita, huchanganyika na hewa, kisha huwaka juu ya kigae hadi kikawa chekundu. Joto husambaa sawasawa chini ya boila, na upepo hauupeperushi moto kirahisi.

Je, wajua kuwa butani huacha kugeuka gesi inapokaribia nyuzi sifuri za Selsiasi? Ndiyo sababu Waingereza huzungushia maji ya uvuguvugu tangi la gesi wakati wa baridi, au huchanganya propani kidogo. Pwani yetu haina shida hiyo. Ina hatari nyingine: gesi ya mtungi wa jikoni huwa na propani, na kwenye nyuzi 30 propani husukuma kwa nguvu zaidi ya mara tatu ya butani. Usiijaze kamwe katika tangi lililotengenezwa kwa butani.

BOILA

Je, wajua kuwa kuchemsha si kazi kubwa kama kugeuza mvuke? Kupandisha maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji joto kiasi. Kuyageuza maji hayohayo yote kuwa mvuke huhitaji karibu mara saba ya joto hilo. Kila tone linalovuja limekwisha kugharimiwa.

Je, wajua kuwa mwaka 1924 Uingereza ilikuwa na mabishano makali kuhusu maboila madogo? Mwandishi aliyetumia herufi LBSC alidai kuwa kigarimoshi kidogo cha makaa ya mawe chaweza kuvuta watu wazima kikipewa boila zuri. Akalithibitisha dai hilo kwa kigarimoshi chake Ayesha, kilichotembea kwenye reli za milimita 64. Tangu hapo mafundi waliacha kuona boila dogo kuwa pambo.

Je, wajua kuwa shaba nyekundu hupitisha joto zaidi ya mara tatu kuliko shaba ya manjano? Ndiyo maana maboila ya kubadilishia hutengenezwa kwa shaba nyekundu na kuungwa kwa solda ya fedha, inayoyeyuka juu ya nyuzi 600. Solda ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Maji ndiyo yanayoilinda. Yakiisha huku moto unawaka, viungo huachia.

Je, wajua kuwa presha na joto hupanda pamoja? Kwa baa 1 juu ya presha ya hewa, maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi. Kwa baa 3, kwenye nyuzi 144 hivi. Kwa hiyo anayekaza valvu ya usalama anaongeza mzigo wa shaba na wa solda kwa wakati mmoja.

Je, wajua kuwa zamani madereva wa treni halisi nao walikuwa wakizikaza valvu hizo? John Ramsbottom, mhandisi Mwingereza, alibuni mwaka 1855 valvu ya usalama isiyochezewa kirahisi. Ni huyohuyo aliyebuni kikopo cha mafuta kisicho na pampu: mvuke huingia, hupoa na kuwa maji, maji huzama, na mafuta huelea na kusukumwa kwenda silindani. Leo kikopo hicho, kidogo kuliko kidole gumba, ni kati ya vitu vya kwanza kufungwa kwenye kigarimoshi kinachorekebishwa.

Je, wajua kuwa boila hupimwa kwa maji baridi? Hujazwa pomoni bila kubakiza hewa, kisha husukumwa kwa pampu hadi mara mbili ya presha ya kazi likiwa jipya. Maji hayakubali kubanwa, hivyo kiungo kikipasuka hutoka mchirizi tu. Mvuke ukipasua boila hurusha vipande.

MWENDO NA UMBO

Je, wajua kuwa treni ya kilomita 40 kwa saa, kwa kipimo cha 1 kwa 19, yapaswa kutembea kilomita 2 tu kwa saa? Hata mtoto huipita kwa miguu. Vigarimoshi vingi vipya hukimbia mno, na dawa ni koki bora ya mvuke, mabehewa mazito, au gia. Injini za gia za Ephraim Shay wa Michigan, aliyepata hataza mwaka 1881, zilikokota magogo polepole kwenye miinuko, na mafundi huiga mpangilio huo.

Je, wajua kuwa nguvu isiyo na uzito huishia kuzungusha magurudumu mahali pamoja? Wahandisi wa mvuke walizoea kuhesabu kuwa injini huvuta kwa takriban robo ya uzito ulio juu ya magurudumu yake. Vipande vya risasi vilivyofichwa ndani ya matangi ya pembeni huongeza mvuto bila kugusa boila.

Je, wajua kuwa reli halisi nazo hubadili injini zake? Injini za Linda na Blanche, zilizoundwa Leeds mwaka 1893 kwa ajili ya machimbo ya Wales, zilihamia reli ya Ffestiniog miaka ya 1960. Huko ziliongezewa behewa la makaa ya mawe na maji, kisha magurudumu ya mbele. Anayekata chesi ya kigarimoshi chake anafuata njia iliyokwisha kupitwa.

Je, wajua kuwa chesi mbili zaweza kubeba boila moja? Ndivyo ilivyo injini ya aina ya Garratt. Ya kwanza, K1, iliundwa Manchester mwaka 1909 kwenda Tasmania, kwa njia ya futi mbili. Kiwanda hichohicho cha Beyer Peacock ndicho kilichoiletea Afrika Mashariki Garratt 34 za daraja la 59, zenye majina ya milima yetu. Mojawapo, 5918 Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Hesabu magurudumu yake: ni 28.

Basi, ndugu msomaji, ukipata kigarimoshi cha mvuke, kipya au cha mtumba, usianze na presha. Ziba panapovuja, tia mafuta yanayostahili, tengeneza moto, ndipo ufikirie nguvu. Na boila ambalo halijapimwa kwa maji baridi usilitie moto.