Nairobi hadi Kisumu: Kwa nini kilomita 280 huchukua dakika 50 angani

MKAZI wa Mwiki, Ruiru, anayeitwa ghafla kumwona mgonjwa Kisumu huiwazia ndege kwanza. Hata hivyo, muda unaoandikwa kwenye tiketi ni sehemu tu ya safari.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi ule wa Kisumu ni takriban kilomita 280 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara kupitia Nakuru, umbali hukaribia kilomita 350.

Ndege ya jeti iliyofikia mwendo wake kamili hukata karibu kilomita 800 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, dakika 21 zingetosha. Mbona basi ratiba huonyesha dakika 45 hadi 50?

Sababu ni kwamba mashirika huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Humo mna kwenda polepole ardhini, kungoja zamu ya kuruka, kupaa na kuteremka. Katika safari fupi, mwendo kamili hudumu dakika chache tu. Ndiyo maana safari ya Mombasa, yenye kilomita 420, huizidi ile ya Kisumu kwa takriban robo saa pekee.

Kwa mkazi wa Mwiki, muda mwingi hupotelea ardhini. Barabara ya Eastern Bypass humwepusha na katikati ya jiji, lakini msongamano hautabiriki, na abiria hutakiwa kufika uwanjani mapema ili wakaguliwe. Anayetaka kumwahi mgonjwa wake hana budi kuhesabu saa tangu mlangoni pake.