Mvua si unyevu: Funzo la 'fanya juu' kutoka Ukambani

MKULIMA wa Mwingi au Wote akisema, "Mvua ilinyesha lakini hatukuvuna," msikilizaji wa mjini hudhani anajikanganya. Hajikanganyi hata kidogo. Ni sisi tunaochanganya maneno mawili: mvua na unyevu.

Mvua ni maji yanayoshuka. Unyevu ni yale yanayobaki udongoni, mizizi inapoyafikia. Katikati wamo wezi wawili: mteremko unaoyapeleka mtoni na jua linaloyarudisha hewani. Mabadiliko ya tabianchi yamewapa wezi hawa nguvu. Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Basi udongo hukauka upesi, na mvua ikija huja kwa kishindo siku chache, kisha kimya. Mahindi yakikosa unyevu yanapochanua, jumla ya mvua ya msimu haisaidii kitu.

Hata majina ya majira yanahitaji uangalifu. Shuleni tulifunzwa kwamba masika ndiyo mvua kubwa, vuli ndogo. Kitui na Makueni, mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ya kutegemewa zaidi. Ukiiita "mvua fupi" tu, msikilizaji ataipuuza.

Lakini Ukambani pia kumeupa ulimwengu istilahi: fanya juu. Ni amri iliyogeuka nomino. Mkulima huchimba mtaro unaokatiza mteremko, kisha hurusha udongo upande wa juu. Tuta hujengeka, maji husimama nyuma yake na kuzama taratibu. Udongo ukirushwa upande wa chini, hiyo ni fanya chini. Leo wataalamu wa Ethiopia na kwingineko huandika fanya juu vivyo hivyo, bila kuitafsiri.

Tuta halileti mvua. Misimu 5 mfululizo ilipokatika kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, hata mashamba yenye matuta yaliumia. Linachofanya ni kulinda kile kidogo kilichonyesha, ili kunde, ndengu na mtama vipate siku za ziada.

Kwa hivyo, anayetangaza utabiri asiishie kusema mvua itanyesha lini. Swali la mkulima ni: itakaa udongoni siku ngapi?